Viungo vya kuchemshia kamba wa maji baridi: kipi kinafika kwenye nyama?

Kipimo cha haki cha viungo vya kamba wa kuchemsha ni kimoja: menya mkia, futa vidole, kisha kula ile nyama peke yake, bila kunyonya kichwa wala kulamba ganda. Nyama ikiwa imekolea chumvi, ina ukali unaopanda taratibu na harufu ya limau na kitunguu saumu nyuma yake, viungo vimefanya kazi. Midomo ikiwaka huku nyama ni chapwa, fedha yako imeishia kwenye ganda. Kwa kipimo hicho tunavipima hapa viungo vinavyojaa kwenye rafu za maduka ya Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, kila msimu, vya mfuko, vya unga na vya majimaji, halafu siagi ya kitunguu saumu ya mjini Houston, Texas, na mapishi mawili ya mbali, ya Sweden na ya China, ambayo yana la kufundisha.

Kamba wenyewe ni wale wekundu wenye magando wanaofugwa na kuvuliwa kusini mwa Louisiana, kwa jina la kitaalamu Procambarus clarkii. Msomaji wa Kenya huenda ameshakutana nao: ni aina hiyohiyo iliyopandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Huko Louisiana msimu wao huanza Januari hivi na kuisha Juni, na hunoga zaidi kati ya Machi na Mei. Huuzwa wakiwa hai kwenye magunia ya wavu ya kilo 14 hadi 16. Nyama ya mkia ni kama asilimia 15 tu ya uzito, ndiyo maana kila mlaji huhesabiwa kilo moja na nusu hadi mbili, na gunia moja likatosha watu wanane hivi. Mji mdogo wa Breaux Bridge, ambao bunge la jimbo liliutangaza mwaka 1959 kuwa mji mkuu wa kamba hawa duniani, una tamasha lake la kila mwaka kwa ajili yao tu.

Kabla ya kufungua kopo lolote, elewa kinachoendelea ndani ya sufuria. Ganda ni kizuizi. Katika nusu saa ya kupika na kuloweka, kinachopenya hadi kwenye nyama kwa wingi ni chumvi na ukali wa limau, kwa sababu hivyo huyeyuka majini. Ukali wa pilipili hauyeyuki vizuri kwenye maji, unapenda mafuta. Harufu ya karafuu, ya shibiti na ya giligilani nayo imebebwa na mafuta yaliyomo ndani ya viungo hivyo. Kwa hiyo viungo vyovyote ulivyonunua, chumvi ndiyo ya kwanza kuwekwa sawa: gramu 35 hadi 40 kwa kila lita ya maji, yaani karibu sawa na maji ya bahari. Gunia moja linahitaji sufuria ya lita 75 hivi yenye kapu la matundu ndani, maji lita 35 hadi 40, na chumvi kilo 1.3 hadi 1.5 kwa jumla. Onja maji kabla kamba hawajaingia. Yakikupendeza kama supu, bado hayajatosha. Yawe na chumvi ambayo usingekubali kuinywa bakuli zima.

Mpangilio wa kupika ni uleule kwa viungo vyote. Osha kamba kwa maji safi mara tatu au nne mpaka maji yatoke meupe, na uondoe waliokufa. Ule mtindo wa kuwamwagia chumvi ili watoe uchafu wa tumboni hauna faida; wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana wamekuwa wakiwaeleza watu hivyo kwa miaka mingi. Chemsha kwanza viazi mviringo, vitunguu maji, vichwa vya kitunguu saumu vilivyokatwa katikati na malimau yaliyokamuliwa, dakika 10 hadi 15. Tia kamba, funika, ngoja maji yachemke tena kwa nguvu, hesabu dakika 3, zima moto. Hapo ndipo mapishi yanapoanza hasa. Tia mahindi yaliyogandishwa, tumbukiza chupa za barafu zilizofungwa vizuri (barafu tupu itapunguza chumvi), mwagia maji baridi kwenye ubavu wa sufuria kwa nje, kisha waache waloweke dakika 20 hadi 30. Mwanzoni wanaelea, wakishakunywa maji ya viungo wanazama. Kuanzia dakika ya 15, toa mmoja kila baada ya dakika 5 uonje, na uwatoe wote pale unaporidhika.

Makosa mawili hutokea hapa na watu huyasingizia viungo. La kwanza ni kuchemsha kwa muda mrefu ili "vikolee". Nyama inakaza, inashikamana na ganda, na mlaji anatoka na vipande vipande. La pili ni kinyume chake: kamba wengi kwenye maji machache na moto dhaifu, maji yasichemke tena. Kichwani mwa kamba mna ile sehemu ya njano ambayo watu wengi huiita mafuta, kumbe ni kiungo cha kumeng'enyea chakula. Joto lisipopanda haraka, vimeng'enya vyake vinaendelea kufanya kazi na kuilainisha nyama ya mkia mpaka inakuwa kama uji mzito. Jiko la gesi la moto mkubwa lina thamani kuliko kopo la bei.

Sasa tuje kwenye viungo vyenyewe. Cha zamani kuliko vingine kwenye rafu ni mfuko mdogo wa Zatarain's, kampuni iliyoanzia New Orleans mwaka 1889 na ambayo sasa iko chini ya McCormick, kampuni kubwa ya viungo ya Marekani. Ndani yake mna mbegu za haradali, mbegu za giligilani, pilipili nyekundu, majani ya mbei, mbegu za shibiti, pimento (allspice) na karafuu, vyote vizima au vimevunjwavunjwa. Hamna chumvi. Mnunuzi mgeni asiyesoma maandishi ya nyuma hupika sufuria nzima isiyo na ladha, kisha akalaumu mfuko. Kwa harufu hakuna kinachoupita: ni safi, inatofautishika, na hakuna unga unaobaki kwenye ganda. Lakini ukali wake ni mdogo, na mbegu nzima hutoa harufu polepole. Uweke majini pamoja na viazi, dakika 15 hadi 20 kabla ya kamba. Ukiutupa pamoja na kamba wenyewe, zile dakika 3 za kuchemka hazitoshi hata kuulainisha. Gunia zima linataka mifuko mitatu, chumvi kilo 1.4 na gramu 150 hadi 200 za pilipili kali ya unga juu yake. Usiuchane ukamwaga mbegu majini; zitaingia chini ya magamba na kwenye mahindi, na mlaji atakuwa anatema kila dakika. Tunaupendekeza kwa sufuria ndogo, kwa kaa na kamba wa baharini, na kwa anayepikia mtu aliyeambiwa apunguze chumvi.

Viungo vya unga ndivyo vinavyobeba karamu nyingi. Huuzwa kwenye vyombo vya plastiki vya paundi 4.5, yaani kilo 2 hivi, na chombo kimoja hukadiriwa kwa gunia moja. Kampuni ya Louisiana Fish Fry ya mjini Baton Rouge inacho chake, Zatarain's nao wanacho. Kwenye chombo cha aina hii chumvi tayari imo, na kwa wingi, kwa hiyo pakiti ya chumvi uliyozoea kuongeza iache kabatini mpaka uonje. Huo wa Louisiana Fish Fry tunauona umeelemea pilipili na kitunguu saumu. Wa Zatarain's unaacha harufu ya karafuu na pimento nyuma ya ulimi. Mpishi wa gunia moja kwa mwaka, anayetaka kununua kitu kimoja tu na kuondoka dukani, achukue chombo cha unga. Kasoro yake ni kwamba unga hutuama chini. Koroga kwa kafi refu kila unapofungua mfuniko, na ugawe mara mbili: theluthi mbili wakati viazi vinachemka, theluthi iliyobaki mara tu unapozima moto. Ukimwaga wote mwanzoni, viazi vinanyonya pilipili kuliko kamba, na watoto hawatavigusa.

Viungo vya majimaji, vile vya chupa ndogo, ni kitu kingine kabisa na vinahitaji heshima. Ni mafuta makali ya pilipili na ya viungo yaliyokolezwa sana. Mpishi aliyezoea harufu ya karafuu za Pemba ataitambua karafuu mara tu anapofungua kifuniko. Mafuta haya huelea juu ya maji na kuwapaka kamba wakati kapu linapoinuliwa, kwa hiyo hutia harufu na ukali haraka, lakini hayaleti chumvi. Peke yake majimaji haya hayatoshi. Yakitanguliwa na unga, au na mfuko pamoja na chumvi, ndiyo yanayotofautisha sufuria ya nyumbani na ya mkahawa. Kipimo chetu ni mililita 120 kwa gunia pale unapotumia chombo kizima cha unga, na mililita 240 pale unapotumia mifuko. Ukizidisha, ulimi unakufa ganzi. Karafuu ina dutu ileile ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu, na baada ya kamba kumi mlaji hatambui tena anakula nini. Tia baada ya kuzima moto. Ukitia wakati maji yanatokota, harufu inapaa na mvuke, na mvuke huo ukiuvuta utakohoa mpaka machozi yatoke. Pikia nje, simama upande unakotoka upepo, vaa glavu, na usiguse macho.

Kuna wanaomaliza kwa kunyunyiza unga mkavu: kamba waliotoka kwenye sufuria wanamwagwa kwenye kasha la barafu lililo tupu na safi, wananyunyiziwa viungo, mfuniko unafungwa na kasha linatikiswa. Hapa hutumika mara nyingi viungo vya mezani kama Tony Chachere's, vya mjini Opelousas tangu mwaka 1972, au Slap Ya Mama vya Ville Platte. Ni viungo vizuri sana kwa samaki wa kukaanga, mayai na wali. Juu ya ganda la kamba vinapotea bure. Vina chumvi nyingi, na chumvi hiyo yote inakaa kwenye vidole na kwenye midomo, wakati nyama iliyo ndani haijapata hata chembe. Mkahawa unaonyunyiza sana mara nyingi umekwepa ile nusu saa ya kuloweka, kwa sababu meza zinasubiri. Utaujua upesi: sahani inafika nyekundu ajabu, unga umeganda kwenye magando, na mkia ukimenywa ni mweupe na chapwa. Tunakubali jambo moja tu katika mtindo huu. Ukiwa umeloweka vizuri na unataka ukali zaidi kwa baadhi ya walaji, tikisa sehemu yao na pilipili kali tupu isiyo na chumvi, wengine waache walivyo.

Siagi ya Houston ina hoja yenye nguvu zaidi. Wahamiaji wa Kivietinamu waliokaa Texas na Louisiana walichukua kamba wa kuchemsha wakawamalizia kwenye siagi yenye kitunguu saumu kingi, na sasa eneo la barabara ya Bellaire mjini Houston linajulikana kwa hilo; mkahawa wa Crawfish & Noodles wa mpishi Trong Nguyen ni miongoni mwa walioupa mtindo huu jina. Wengine huongeza mchaichai, tangawizi au juisi ya chungwa. Siagi inabeba kile ambacho maji hayawezi kubeba, yaani ukali wa pilipili na harufu ya saumu, na inaingia pale mkia unapoungana na kichwa, hivyo kila ukivunja kamba unapata mchuzi. Kwa kamba walioiva kilo 1.5, yeyusha gramu 225 za siagi isiyo na chumvi kwa moto mdogo, tia vidole 15 vya kitunguu saumu vilivyosagwa, kijiko kimoja cha chakula cha pilipili kali, kimoja cha paprika, nusu kijiko cha pilipili manga, na juisi ya nusu chungwa. Kitunguu saumu kisibadilike rangi. Kikiwa cha kahawia kimeungua na uchungu wake haufichiki. Wachuje kamba dakika 2 au 3 kwanza, maana maji yanayodondoka huikata siagi. Halafu wageuze kwenye bakuli kubwa mpaka wang'ae.

Hata hivyo siagi haiokoi kamba ambaye hakukolezwa sufuriani. Mikahawa inayochemsha kwa maji yenye viungo hafifu na kutegemea siagi peke yake inatoa chakula kinachonukia vizuri kwa mikono michache ya mwanzo, kisha unabaki unakula mafuta. Fanya kuloweka kwa ukamilifu, ila punguza dakika ziwe 15, kwa sababu mchuzi utaongeza nguvu yake. Na kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe: Louisiana na Texas soseji za nguruwe mara nyingi huchemshwa ndani ya sufuria hiyohiyo ya kamba. Kuzitoa kwenye sahani hakusaidii. Uliza kabla ya kuagiza, au pika mwenyewe kwa soseji za ng'ombe.

Old Bay, ile ya kopo la njano iliyoanzia Baltimore mwaka 1939, huuzwa rafu moja na hivi vingine na wengi huinunua kwa kufuata jina. Imetengenezwa kwa ajili ya kaa wa Maryland wanaopikwa kwa mvuke huku wamefunikwa na unga wake. Ina chumvi ya seleri kwa wingi na ukali mdogo. Ndani ya lita 40 za maji inapotea.

Sweden hawatumii pilipili kabisa, na bado nyama yao imekolea kuliko ya wengi. Wao hula kamba wa maji baridi mwezi wa Agosti, wakiwa wamepoa. Kilo moja ya kamba hupikwa katika lita 2 za maji yenye gramu 120 hadi 150 za chumvi ya mawe, kijiko kimoja cha sukari na vichwa vya shibiti vilivyotoa maua, konzi nzima. Wengine hutia bia nyeusi. Baada ya kuchemka dakika 8 hadi 10, kamba hupozwa na kuachwa ndani ya maji yaleyale mahali pa baridi hadi kesho yake. Kama ulikuwa na shaka kuhusu nguvu ya kuloweka, pika hivi mara moja tu. Utamu wa kamba mwenyewe unasikika, na shibiti iko ndani ya nyama kabisa. Tahadhari ni moja: wapoze haraka, sufuria ikiwa ndani ya maji ya barafu, kisha waingie kwenye friji. Kuwaacha jikoni usiku kucha ni kuita maradhi.

China wameishinda kazi ya ganda kwa mkasi. Kamba ni walewale, Procambarus clarkii, na mapishi ya Qianjiang katika jimbo la Hubei na ya Xuyi katika jimbo la Jiangsu ndiyo yanayovuma. Wanasugua kila mmoja kwa brashi, wanavuta ule utumbo mweusi kwa kuzungusha kipande cha katikati cha mkia, na wapishi wengi hupasua ganda la mgongo wa mkia. Kisha wanakaanga kwenye mafuta yenye tangawizi, saumu, pilipili kavu, pilipili ya Sichuan na anisi nyota, wanatia bia na kuacha vichemke taratibu kwa dakika 10 hadi 15. Mafuta hutoa ukali, mpasuko huuingiza. Kwa kilo moja au mbili hakuna njia inayopeleka ladha ndani zaidi ya hii. Kwa gunia zima haiwezekani, labda uwe na watu wanne wa kupasua.

Aliyeko Naivasha au Nairobi, mbali na makopo haya, asisumbuke kuyaagiza. Kwa kilo 3 za kamba hai tumia maji lita 8, chumvi gramu 300, pilipili kali ya unga gramu 60, vijiko vitatu vya chakula vya mbegu za giligilani na vitatu vya haradali, viwili vya pilipili manga iliyotwangwa kidogo, karafuu 10, majani ya mbei 6, vichwa vinne vya kitunguu saumu, vitunguu maji viwili na malimau manne. Kaanga mbegu kavu kwenye kikaango mpaka haradali ianze kuruka, zifunge kwenye kitambaa safi cha pamba pamoja na karafuu, zichemshe dakika 20 kabla ya kamba. Pilipili igawe, nusu mwanzoni na nusu baada ya kuzima moto, ukiwa umeikoroga hiyo nusu ya pili kwenye vijiko vitatu vya mafuta ya kupikia ya moto. Mafuta hayo yatakaa juu ya maji na kufanya kazi ya chupa ya majimaji. Karafuu zisizidi 10. Chumvi usiipunguze kwa woga. Sehemu kubwa yake inabaki kwenye maji utakayomwaga.

Ukipika mkupuo wa pili kwenye maji yaleyale, ongeza nusu ya unga wa mara ya kwanza, na kama ni mifuko, weka mmoja mpya na theluthi ya chumvi, kisha onja. Mkupuo wa tatu ubadilishe maji, kwa sababu matope na protini vimeshayafanya mazito na yenye uchungu. Wanaobaki wamenye siku hiyohiyo wakiwa vuguvugu, nyama uiweke pamoja na yale mafuta ya njano ya kichwani kwenye chombo kilichofungwa, friji siku 2 tu. Ukitaka kuipasha, iweke kwenye mvuke dakika 2. Ukiirudisha kwenye maji ya viungo itakuwa ngumu na ya chumvi kupita kiasi.